Hicho Kiambishi "Ji"

Kijana mmoja, ambaye baba yake alikuwa mwanachuo wangu miaka mingi iliyopita, aliniomba nimsomee kijitabu chake kabla hakijapelekwa kwa mpiga chapa. Tulikutana Kivukoni, kwa kuwa ofisi yake iko mjini nami huvuka kwa pantoni kutoka Kigamboni. Tukaketi kwenye benchi la muuza kahawa, upande wa soko la samaki. Akaniamkia upya, kana kwamba shikamoo ya kwanza haikutosha, kisha akatoa kurasa kumi na mbili safi. "Mwalimu," akasema, "mambo ya kitaalamu yako sawa. Ninachoomba ni uninyooshee Kiswahili tu."

Nimefundisha walimu kwa muda wa kutosha kujua kwamba mtu akisema "Kiswahili tu", hapo ndipo palipo na kazi.

Kijitabu kinaeleza habari za kisanduku ambacho yeye na wenzake wamekitengeneza kwa ajili ya wakulima wa mboga na mihogo. Kisanduku kina kijiti cha kuchomeka ardhini kinachopima unyevu wa udongo. Habari za unyevu hupelekwa kwa mtandao wa simu, na udongo ukikauka, kisanduku hufungua maji chenyewe. Pamoja nacho huja programu ya simu inayotazama picha ya jani na kutaja ugonjwa. Vifaa vya namna hii, vinavyopima na kupelekeana habari bila mtu kukaa katikati, ndivyo wataalamu wanavyoviita intaneti ya vitu. Na ule ufundi wa kuvifanya vitoe uamuzi kutokana na wingi wa mifano, badala ya kuandikiwa kanuni moja moja, huitwa kujifunza kwa mashine. (Wako wasemao akili bandia, wako wasemao akili mnemba, na siku hizi nasikia akili unde. Ugomvi huo nawaachia wenye nguvu bado.)

Ukurasa wa tatu niliikuta sentensi hii: "Mashine yetu imejifunza, na sasa inajua mmea wako unahitaji nini." Nikatoa kalamu nyekundu.

Waingereza, ambao ndio tuliochukua kwao istilahi hii, wana kitenzi cha pekee kwa tendo la kupata elimu. Kitenzi hicho hakina undugu wa umbo na kitenzi chao cha kufundisha, kwa hiyo mhandisi wa huko anaweza kusema mashine yake imefanya hivyo bila kukwaruza kitu chochote katika lugha. Kiswahili hakitupi nafasi hiyo. Sisi tuna kufunza, halafu tunapachika kiambishi "ji", tunapata kujifunza, yaani mtu kujifunza mwenyewe, mtenda na mtendwa wakiwa mmoja. Kijana yule alipoandika "imejifunza" alitoa dai zito kuliko alilokuwa amelikusudia. Alisema kwamba ndani ya kisanduku mna mtu.

Alinipinga, na ninampongeza kwa kunipinga. "Lakini Mwalimu, hata mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa, na bado tunasema amejifunza. Na sisi tumeufundisha mfumo kwa maelfu ya picha." Hoja ni nzuri. Ilinirudisha mahali ambapo nisingependa sana kurudi, lakini acha nipaeleze, maana bila hapo msomaji hataelewa kwa nini nilishikilia kalamu yangu.

Mwezi Novemba 1974 lilitoka Azimio la Musoma, likataka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu hawakuwapo. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakafundishwa ualimu huko huko vijijini, wakifundisha watoto huku wakisoma kwa posta na redio. Mimi nilikuwa mkufunzi kijana, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuzunguka kuwapima. Siku moja niliingia darasa la kwanza la mmoja wao. Ukutani ilitundikwa chati yenye picha na maneno: kuku, jembe, mtungi, ng'ombe. Mwalimu alielekeza fimbo, watoto wakaitikia kwa sauti moja, hawakukosea hata neno. Nilimpa alama za juu, nikatia sahihi kwa wino.

Kesho yake mkufunzi mwenzangu, aliyenizidi umri, alipita katika darasa lile lile. Yeye aliishusha chati, akayaandika maneno yale yale ubaoni bila picha, kwa mpangilio mwingine. Darasa likanyamaza. Watoto walikuwa wanajua picha, na wanajua mahali pa picha: jembe liko juu kulia. Kusoma, hawakuwa wakisoma. Fomu yangu ilikuwa imekwisha kwenda. Kijana yule aliendelea kufundisha kwa sahihi yangu, na watoto wale wa darasa la kwanza leo ni watu wazima wenye wajukuu. Nimeshindwa kuisahau chati ile.

Sasa, msomaji, ukitaka kuona chati hiyo hiyo katika mavazi ya leo, nenda Serengeti. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walitega huko kamera 225 zinazojipiga picha zenyewe kila mnyama apitapo, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Picha zilikuwa nyingi mno, na kwa miaka kadhaa watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia walizitazama moja moja kwenye kompyuta zao na kutaja walichokiona. Mwaka 2018 kundi la wataalamu lilitangaza kwamba limeifundisha kompyuta kwa picha milioni 3.2 za hifadhi hiyo, nayo ikaweza kutambua aina 48 za wanyama kwa usahihi uliozidi asilimia 93. Kazi ambayo ingewachukua wanadamu zaidi ya miaka minane ikaweza kufanywa na mashine. Sina sababu ya kuibeza. Kutenga picha zenye mnyama na zile ambazo nyasi tu zilitikiswa na upepo ni kazi inayochosha roho, na mashine haina roho ya kuchoka.

Lakini mwaka huo huo watafiti wengine, wa Marekani, waliandika juu ya jambo ambalo mwenzangu yule angelitambua mara moja. Walitazama kompyuta zilizofundishwa kwa picha za kamera za namna hii, kisha wakazipa picha kutoka mahali pengine, ambapo kamera nyingine zilitegwa. Alama zikaporomoka. Mfano walioutumia kueleza tatizo ni ng'ombe. Mpe mtambo picha ya ng'ombe kwenye majani mabichi, atasema ng'ombe. Mpe ng'ombe yule yule akiwa amesimama ufukweni, anababaika, kwa sababu sehemu kubwa ya alichokuwa akikiita "ng'ombe" ilikuwa ni majani. Nilipomsomea kijana habari hii alicheka, kwa maana kwetu Kigamboni ng'ombe kutembea mchangani kando ya bahari si ajabu. Nikamwambia ndiyo sababu namweleza. Wakulima wake wanaishi ufukweni, na mashine imefundishwa mbugani.

Alikuwa na jibu. Akanionyesha kwamba sehemu ya majani katika kijitabu chake ilifuata nyayo za kazi iliyofanyika hapa hapa kwetu, na kuhusu hilo alikuwa na haki ya kujivuna. Mihogo yetu ina maadui wawili wakubwa, batobato na michirizi ya kahawia. Huo wa pili ulielezwa kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1936, huko Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, walichapisha matokeo ya kufundisha kompyuta kwa picha 2,756 za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Katika picha ambazo haikuwahi kuziona, ilipata asilimia 93. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, inayofanya kazi shambani hata pasipokuwa na mtandao.

Kinachonifanya niwaheshimu waandishi hao ni walichofanya baadaye. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya kuupeleka mfumo nje ya darasa, kwenye simu, shambani, juani, mkono ukitetemeka. Wakasema wazi kwamba katika jaribio mojawapo alama yake ilishuka kwa asilimia 32, hata kwa mimea ambayo ugonjwa ulionekana dhahiri, kwa sababu ilikuwa inaacha kuona majani mengi yaliyougua. Mwaka 2020 wakaja na kipimo kingine. Nuru ikitazama jani moja ilipata asilimia 65. Maofisa ugani waliopewa mtihani huo walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Na Nuru ilipopewa majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, ilifika kati ya 74 na 88.

Naziona takwimu hizi kama karatasi ya mtihani iliyosahihishwa na mtu mwaminifu, na zinawasema watu wa pande zote mbili. Zinamsema mzee kama mimi anayependa kuamini kwamba jicho la mkulima halikosei. Linakosea, na sana. Kama ningekuwa na shamba la mihogo leo, ningetaka Nuru iwe kwenye simu ya jirani yangu. Vile vile zinamsema kijana aliyeandika "inajua". Asilimia 65 ni mwanafunzi anayekosea swali moja katika kila matatu. Mwanafunzi huyo tunampandisha darasa, naam, lakini hatumpi funguo za ghala. Na michirizi ya kahawia ina ujanja wake: majani ya mhogo yanaweza kuonekana mazima kabisa ilhali mizizi chini imeoza na kuwa kama kizibo, na mkulima akaligundua hilo siku ya kuchimba. Picha ya jani hujibu swali la jani. Mkulima anauliza juu ya muhogo wenyewe, maana ndio atakaokula.

Nani basi aliongeza alama kutoka 65 hadi 88? Mashine haikusema, "Niongezeeni majani, sijaona vizuri." Watu walikaa, wakasahihisha, wakaona makosa yanatokea wapi, wakabadili namna ya kuuliza. Hapo ndipo ilipo ile "ji" tunayoitafuta. Ilikuwa kwa watafiti.

Tulipofika hapo muuza kahawa aliingilia. Alikuwa akisikiliza muda wote, kama wauza kahawa wote. Akatuelekeza kwa kidole dalali mmoja aliyekuwa akinadi fungu la samaki, na pembeni yake mnunuzi kijana aliyekuwa akifunua mashavu ya changu kutazama wekundu wake. "Yule," akasema, "alipoanza, alinunua ndoo nzima ya samaki waliolala. Akarudi nyumbani bila nauli. Sasa hivi humuuzii mbovu." Sikuwa na la kuongeza. Aliyepoteza nauli yake ndiye aliyejifunza, na hakuna aliyelazimika kurudi ofisini kumbadilishia chochote kichwani.

Nikaendelea na kalamu. Ukurasa wa tano ulikuwa na "ji" nyingine: "mfumo unaojiendesha". Hii niliiona nyepesi zaidi, kwa kuwa hakuna anayedhani mlango unaojifunga una nia. Hata hivyo nilimkumbusha habari za LUKU, mtambo unaojiendesha ambao kila nyumba inaufahamu. Mita ya LUKU haijifunzi kitu. Inapewa namba ya tarakimu 20, inaipima, inafungua umeme au inakataa. Ndani ya namba ile imefichwa dakika ambayo namba ilitolewa, ili isitumike mara mbili, na dakika hizo huhesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993. Waliobuni utaratibu huo, unaotumika katika nchi nyingi, waliipa hesabu hiyo nafasi ya dakika milioni 16 na ziada. Nafasi ikajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingerekebishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena umeme uliouzwa baada yake. Ndiyo maana mwaka ule TANESCO iliwapa wateja namba za ziada za kuingiza kabla ya zile za umeme wao, na nyumba kwa nyumba watu wakasimama mbele ya mita wakibonyeza tarakimu baada ya tarakimu, wengine wakiwa wameshikiwa tochi. Kazi ilifanyika, umeme ukaendelea. Ila siku zile mtambo uliokuwa "ukijiendesha" kwa miaka ulikuwa ukiendeshwa na bibi mwenye miwani.

Ukurasa wa saba ulisema kisanduku "kitamaliza tatizo la pampu kuharibika", kwa sababu kitahisi mtetemo wa pampu na kutambua hitilafu mapema. Kijana alitaja mfano wa Kenya, nami nilifurahi, kwa kuwa huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote, na ndio ambao watu huusimulia vibaya kuliko yote.

Kuanzia mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya majaribio Kyuso, wilaya kavu ya Kitui. Walitia ndani ya mpini wa pampu za mkono kifaa kidogo chenye kipima mwendo, cha jamii ile ile kinachoifanya simu igeuze picha ukiilaza. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa kinahesabu, kisha kinatuma hesabu kwa ujumbe wa simu. Pampu isipotuma kitu, ofisini wanajua kuna jambo. Kabla ya hapo pampu ikivunjika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio muda huo ukashuka chini ya siku tatu.

Siku ishirini na nne za mama kubeba ndoo kutoka mbali zimeokolewa katika kila pampu inayovunjika. Ni jambo kubwa, na aliyelifanya apewe sifa. Lakini mpini haukujitengeneza. Fundi ndiye aliyetengeneza, akiwa na pikipiki, vipuri na mshahara, akijua kwamba ujumbe ukifika ni zamu yake. Bila yeye kifaa kingekuwa kimetuma kwa uaminifu mkubwa, siku zote 27, habari kwamba pampu ni mbovu. Na waliofanya majaribio walilijua hilo, kwa maana baadaye, Kitui na Kwale, nguvu yao ilikwenda katika kuanzisha huduma ya kudumu ya matengenezo, FundiFix, ambayo jamii huichangia. Huko Kwale pwani ndiko walikojaribu pia kufundisha kompyuta kusoma mitetemo ya mpini ili ikadirie kina cha maji yaliyo chini ya ardhi. Wazo hilo ni la kupendeza: kila mama anayeteka maji anapima kisima bila kujua. Lakini ili kompyuta ifundishwe, ilibidi kwanza watu wapime kwa mikono yao, kisima kwa kisima, kina halisi cha maji. Ufunguo wa majibu uliandikwa na mwanadamu aliyeinama.

Nikamuuliza kijana, "Kisanduku chako kikisema pampu inaelekea kuharibika, nani anapokea simu?" Akasema ujumbe utakwenda kwa mkulima mwenyewe. "Na mkulima atafanya nini?" Akanyamaza kidogo. Akasema hilo liko katika awamu ya pili.

Sikumbishia. Nimewahi kuandika mipango ya chuo yenye awamu ya pili.

Kilichonikasirisha kweli kilikuwa ukurasa wa tisa, na hapa sikutumia kalamu, nilifunika karatasi kwa kiganja. Paliandikwa kwamba kumbukumbu za kisanduku, yaani mkulima amemwagilia mara ngapi, mimea yake imeugua mara ngapi, zitaweza kupelekwa kwa wakopeshaji, na mfumo "utajifunza nani anastahili mkopo". Tazama jinsi kitenzi kilivyotembea. Ukurasa wa tatu kilikuwa kinatazama jani. Ukurasa wa tisa kinamtazama mtu, na hakuna aliyekizuia njiani. Jani likiitwa gonjwa kimakosa, mkulima atang'oa mhogo mzima, na hilo tayari ni hasara. Mkulima mwenyewe akiitwa mzembe kimakosa, kwa sababu kijiti kilichomolewa na mbuzi akaonekana hajamwagilia kwa wiki tatu, atamlalamikia nani? Kijiti? Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ililiona jambo hili, nayo inampa mtu haki ya kutaka uamuzi mzito juu yake usiachiwe mtambo peke yake. Lakini haki ya kukata rufaa humfaa anayejua kwamba amehukumiwa. Mtu akisoma kwamba mashine "imejifunza" na "inajua", ataona aibu hata kuuliza. Atadhani amefeli.

Nilisahihisha watoto kwa miaka mingi, na wale walionisumbua kwa kurudisha karatasi, wakisema "Mwalimu, hapa umenionea", niliwachukia kwa dakika tano. Mara nyingi walikuwa wameonewa.

Tulikubaliana hivi. "Inajua" ikafutwa kila mahali, ikawa "inakisia". Kijana alilalamika kwamba hakuna atakayenunua kitu kinachokisia. Nikamwambia mganga mkuu hukisia, na mtabiri wa hali ya hewa hukisia, na wavuvi wa hapa Feri humsikiliza kwa sababu hiyo hiyo kwamba hajidai. "Imejifunza" ikawa "imefundishwa", na kwa kuwa mtu aliyefundishwa lazima awe na mahali alipofundishwiwa, sentensi mpya ilibidi itaje: kwa picha ngapi, za mashamba ya wapi, za msimu gani, na ilikosea mara ngapi ilipopelekwa kwingine. Kufika hapo akagundua kwamba majibu mawili kati ya hayo hana. Akaandika pembeni, kwa mwandiko mdogo, "kuuliza". Nilipenda neno hilo kuliko yote yaliyokuwa kwenye ukurasa. Tuliongeza pia maelekezo: piga picha majani sita, usipige moja, na kabla ya kung'oa shina lolote mwite mtu wa pili atazame.

Ukurasa wa tisa hatukukubaliana. Alisema wafadhili wanaupenda. Nilimwachia.

Mwisho wa kijitabu palikuwa na jedwali la mawasiliano. Lilikuwa na anwani ya ofisi, anwani ya intaneti, na namba ya kununulia muda wa mtandao. Nilichora mstari mmoja zaidi chini yake, nikaandika: "Fundi wa eneo lako ni:" nikamrudishia. Aliutazama, akatikisa kichwa taratibu, akakunja kurasa zake akaziweka mkobani, kwa kuwa pantoni ilikuwa imekwisha kupiga honi nami nilikuwa na safari ya kuvuka.

Wiki tatu baadaye alinitumia nakala iliyochapwa. Mstari wangu upo. Mbele yake, badala ya jina, mpiga chapa ameweka nukta, kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine.